Mwaka Niliofundishia Jikoni

Siku tuliyomzika Mama Speransa huko Kalobeyei, kijana mmoja mwenye kipaza sauti aliniita mbele niseme maneno machache juu ya marehemu. Mimi ambaye nimesimama mbele ya watoto maisha yangu yote, ambaye hata wazee wa bodi ya shule hunyamaza nikikohoa, nilishika kile kipaza sauti nikasema, "Tulifanya kazi pamoja. Alikuwa mpishi mzuri. Mungu amrehemu." Kisha nikakaa. Binti yake alinitazama, na sijui alitarajia nini, ila najua hakutarajia hayo. Njia nzima ya kurudi Lodwar nilikuwa najigombeza kimoyomoyo. Mpishi mzuri! Kwani nilikuwa nasifu hoteli? Na wala haikuwa kweli. Maharage yake yalikuwa na chumvi ya kumtosha ng'ombe, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko pilipili yake. Lakini kuna mwaka mmoja ambao ukiuondoa katika maisha yangu, sidhani kama ningebaki katika ualimu hata muhula wa pili, na mwaka huo ulipita jikoni kwake. Kipaza sauti nilikiacha bure, basi nayasema hapa.

Nilikuwa msichana mbichi wa Lodwar, nimetoka chuoni juzi juzi, nikapelekwa Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, kufundisha sayansi darasa la nne. Habari za kwetu naziacha, hazina kazi hapa. Nilipanga chumba cha mabati nyuma ya duka la Msomali mmoja, ukuta wenyewe mwembamba hivi kwamba jirani akigeuka kitandani nilijua kageukia upande gani. Ndani mlikuwa na kitanda cha kamba, jiko la makaa, ndoo ya maji, na joto. Joto lile lilikuwa kama mpangaji mwenzangu, tena asiyelipa kodi. Mshumaa niliouweka dirishani ulipinda ukalala chali kabla sijauwasha. Jioni nilikuwa nakaa mlangoni na sahani ya ugali na samaki mkavu, nasikia watu wakipita na lugha zao: Kiturkana, Kisomali, Kiarabu cha Juba, Kiswahili cha Kongo, na vijana wenye Sheng' ya Nairobi ambao Nairobi hawajawahi kuiona. Nilijiona mtu mkubwa sana. Nilikuwa na mshahara, nilikuwa na kitabu cha serikali, na nilikuwa na hakika kwamba mtu akiwa na kitabu hawezi kupotea.

Kitabu hicho kiliniaibisha mapema. Kilisema vitu vyote duniani ni yabisi, kiowevu au gesi, na miongoni mwa vitu yabisi wakaandika jiwe, mti, na mafuta ya kupikia. Nikaenda darasani na mkebe wa mafuta. Watoto walikuwa wamebanana kwenye madawati, wa Kiturkana na wa wakimbizi pamoja, wengine wamekaa chini. Nikauinua mkebe juu kwa madaha, nikauliza, "Hiki ni yabisi au kiowevu?" kisha nikafungua kifuniko. Mafuta yakanimwagikia mkononi yakateremka hadi kwenye kiwiko. Loo! Darasa lilicheka mpaka mwalimu wa darasa la tatu akachungulia. Msichana mmoja mwembamba wa dawati la mbele, jina lake Asekon, ndiye hakucheka. Aliinua mkono. "Mwalimu, hiyo asubuhi mapema ni jiwe. Saa hii ni maji. Ukiiweka kwa baridi inarudi jiwe." Nikamwuliza nani kamfundisha. "Hakuna. Naonanga tu kwa nyumba." Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumfukuza, yote mawili. Waliokiandika kile kitabu waliishi mahali pa baridi, na mtoto wa miaka kama kumi alikuwa amewasahihisha huku mafuta yakinidondoka kwenye sketi.

Shida yangu kubwa ikawa gesi. Yabisi utaishika, kiowevu utakimwaga, lakini mvuke utauonyesha vipi bila moto? Na moto pale shuleni ulikuwa mahali pamoja tu, jikoni, kwenye kibanda cha mabati na magogo ambapo Mama Speransa, mkimbizi kutoka Burundi, alipika uji wa shule nzima kwenye sufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea. Nikaenda kumwomba. Alikuwa anakoroga kwa mwiko mrefu kama jembe, jasho linamtiririka. Hakugeuka. "Watoto wangapi?" Nikamwambia darasa zima, lakini kwa zamu. "Mu jikoni yangu? Hapana. Mtoto akiungua, nani atafungwa? Wewe? Wewe uko na serikali yako. Mimi niko na nani?" Nikabembeleza. Akaendelea kukoroga. Basi nikauchukua ule mwiko mikononi mwake nikaanza kukoroga mwenyewe, na hapo ndipo aliponitazama mara ya kwanza. "Weeh! Unakoroga kama unaosha mbwa," akasema, akacheka, na akicheka alikuwa anaonekana msichana. Kesho yake nilipofika na kundi la kwanza, alikuwa amechora mstari wa majivu chini mbele ya mafiga. Anayeuvuka mstari, mwiko ungemshukia, awe mwanafunzi awe mwalimu.

Hapo ndipo nilipojifunza kufundisha. Walisimama nyuma ya majivu, macho yamewatoka, wakatazama maji yakianza kutoa moshi mwembamba, kisha mapovu madogo ya pembeni, kisha maji yote yakicheza. Niliwaambia moshi ule wa mwanzo si kuchemka. Kuchemka ni pale maji yanapogeuka mvuke kuanzia chini kabisa, na hapo ndipo vijidudu vya ugonjwa vinapokufa. Mama Speransa akainua kifuniko akakigeuza, matone yakaning'inia kote. "Maji ilienda wapi?" nikauliza. "Imetoroka," wakasema. "Na hii kwa kifuniko?" Kisha Asekon, polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto: "Imerudi." Wakashangilia kama wamefunga goli. Tangu siku hiyo hata vipindi visivyokuwa vya sayansi walikuwa wananiuliza tunaenda jikoni lini. Mimi na Mama Speransa tukazoeana. Saa ya mapumziko nilikula maharage yake yale ya chumvi nikiwa nimekaa juu ya mtungi uliogeuzwa, naye ananichamba: sina mume, sijui kusonga ugali, nimekonda kama fito. Nyuma ya mlango wa kibanda alikuwa na kifurushi kilichofungwa kwa kitenge. Nilimwuliza cha nini. "Cha kukimbia," akasema, kama mtu anayesema cha kuendea sokoni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilidhani ni woga wa kizamani tu, utaisha.

Kisha mvua ikanyesha huko juu, Tarach ikafurika. Tarach ni laga, mto wa mchanga ambao sehemu kubwa ya mwaka hauna tone, na siku ukijaa unabeba kila kitu: mbuzi, vyoo, vibanda vya watu. Maji yalipopungua ugonjwa wa kuhara ukaingia mitaani. Tulisikia mtaa wa kwanza wamezika, kisha mtaa wa pili. Watu wa afya wakapita na spika wakiwataka watu wachemshe maji. Shuleni tulikuwa na nafuu, maji yetu ya kisima kirefu, na Mama Speransa aliyachemsha kweli kweli, nimesimama pale nimeona. Lakini nilikuwa nasikia mengine. Jioni, nikiwa nimekaa na chai yangu, sauti za wanawake zilipenya ule ukuta wa mabati. "Huyo mama wa shule, yule Mrundi." "Ndiyo, ana sura ya ukali." "Mtoto wangu anasema uji yake ina harufu." "Hao watu wamezoea kuua." Haki ya Mungu nilitaka kuupiga ule ukuta teke. Nilikaa na kikombe mkononi mpaka chai ikatengeneza utando. Lisemwalo lipo, watu husema, na kama halipo laja. Hilo lilikuwa linakuja, nikilisikia hatua zake.

Watoto wa darasa langu wakaanza kuanguka. Leo dawati la nyuma lina pengo, kesho la katikati. Kila pengo lilikuwa kama limemjibu yule mwanamke wa ukutani. Wazazi wakawa wanasimama langoni asubuhi, mikono kifuani, wanautazama moshi wa jikoni. Mtu akatupa jiwe juu ya bati la kibanda wakati Mama Speransa yuko ndani. Liligonga, likabingirika, likaanguka mbele ya mlango. Alilitazama, akalichukua, akalitumia kukazia figa lililokuwa linayumba. Lakini siku ile hakunichamba. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Ekal, mwanamume mpole aliyechoka, aliniita ofisini. "Mwalimu Akiru, chifu anakuja kesho na wazazi. Wanataka yule mama aondoke. Mimi naona aondoke tu." Nikamwambia hana kosa. "Najua. Lakini wamesema asipoondoka watachoma nyumba yake. Sasa hapo kosa lina maana gani?" Nikamwuliza ataenda wapi, maana yule mtu ameshakimbia nchi yake, na kule kambini neno likishatangulia mbele yako hakuna mtaa utakaokupokea. Mwalimu Ekal alivua miwani akasugua macho. Hakuwa mtu mbaya. Mpaka leo nikimkumbuka namwona ameshika ile miwani, anatafuta mahali pa kuiweka.

Siku hiyohiyo Asekon hakuja. Nilipotoka kazini nikaenda hospitali. Wodi ilikuwa imejaa hadi kwenye veranda. Asekon alikuwa amelala kwenye kitanda cha turubai, chupa ya maji ya dripu juu yake, macho yamezama ndani. Mama yake alikuwa amekaa sakafuni, shanga zake zimejaa shingoni hadi kidevuni, mkono wake umeshika mguu wa mtoto kana kwamba utatoka na kwenda. Nilimsalimu, "Ejok, Mama Asekon." Akaitika kwa kichwa. Nikakaa. Dada yake akaja na kopo la chai, wakaanza kuzungumza kwa Kiturkana, lugha yangu pia, na mimi nikiwa pale tu, nafukuza nzi. "Nilimwambia asiguse maji ya yule mwanamke," mama akasema. "Nilimjazia chupa yake mwenyewe. Nimechota mimi mwenyewe Tarach, kwenye shimo langu. Apozee uji. Bado wamempata." Mkono wangu uliokuwa unafukuza nzi ukasimama hewani.

Ngoja nieleze, maana mtu asiyejua shule yetu hawezi kuelewa. Tulikuwa na zamu mbili kwa wingi wa watoto, na mapumziko yalikuwa mafupi kama kupiga chafya. Uji ulitoka jikoni unatokota, kengele ikilia unatakiwa uwe umekunywa na umerudisha kikombe. Na Kakuma kitu cha moto hakipoi. Kitapoa vipi na hewa yenyewe ni moto? Kwa hiyo watoto wenye chupa walikuwa wanaongeza maji yao baridi kwenye kikombe, wanakoroga kwa kidole, wanakunywa. Nilikuwa nimeziona chupa zile zikiongezeka wiki hadi wiki, nikadhani wazazi wameanza kuwajali watoto kwa kiu. Kumbe walikuwa wanawakinga na Mama Speransa. Kadiri watoto walivyougua, ndivyo akina mama walivyozidi kujaza chupa kutoka mashimo ya laga, na kadiri walivyojaza, ndivyo watoto walivyougua. Maji ya mashimo yale tumeyanywa mababu kwa mababu, yanachujwa na mchanga, yanang'aa mpaka unaona chini. Ila mwaka ule mchanga wenyewe ulikuwa umelazwa juu ya kila uchafu wa Kakuma.

Dada alipotoka, nikamwuliza mama taratibu kama alichota maji hayo baada ya mafuriko. Alinigeukia. Alikuwa mwerevu yule mwanamke, Asekon hakuokota akili barabarani. "Unataka kusema nini? Sema." Nikasema. Nilisema kwa upole wote niliokuwa nao, nikasema hakuna aliyejua, nikasema ni kila mama, si yeye peke yake. Uso wake haukubadilika. Shanga tu ndizo zilikuwa zinapanda na kushuka. "Wewe ni mtoto ya Lodwar," akasema, sasa kwa Kiswahili, kama anayenitoa nje ya lugha yake. "Hujazaa. Unakuja hapa unaniambia mimi nimeua mtoto yangu." Nikasema sikusema hivyo. "Toka. Kesho nitasema mbele ya chifu. Mimi ndiye nitasema kwanza." Nikatoka.

Nilimkuta Mwalimu Ekal akifunga ofisi, nikamweleza yote. Akachangamka kama mtu aliyefunguliwa kamba. "Basi imeisha! Kesho simama, useme ni chupa ya huyo mama. Yeye ndiye mwenye kelele kubwa. Akinyamaza yeye, wote watanyamaza." Nikamwambia siwezi. Mwanamke ana mtoto kwenye dripu, hajui kama atarudi naye nyumbani. Nikimtaja mbele ya watu wale, hasira yote itamgeukia, mume wake atasema nini, wakwe zake watasema nini? "Mwalimu," akasema, "kuna mmoja lazima abebe. Kama si huyo, ni Speransa. Chagua." Nikamwambia nitafundisha. Nitawafundisha wazazi kama ninavyofundisha watoto, bila kumtaja mtu, waone wenyewe. Aliniita mpumbavu, tena kwa huzuni, kisha akaniruhusu. Nilipomwambia Mama Speransa, hakunishukuru. Alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga. "Usinisaidie sana, mwalimu. Kwetu walikuwapo watu walitusaidia sana." Akasugua tena. "Wakianza mawe, toa watoto kwanza. Mimi najua njia yangu." Kifurushi kilikuwa kimehama kutoka nyuma ya mlango. Kilikuwa mbele.

Walikuja wengi kuliko nilivyofikiria. Wazee wakakaa kwenye vigoda vyao vidogo, wanaume vijana wakasimama nyuma na fimbo, akina mama wakajaa mbele ya jikoni, na wakimbizi wachache wakabaki kando ya ukuta, tayari kuondoka. Chifu akakaa kwenye kiti cha ofisini. Mama Speransa alikaa mlangoni pa kibanda, mikono katikati ya magoti, uji wa mapumziko ukitokota nyuma yake, maana alisema kufukuzwa ni kufukuzwa lakini watoto wanakula. Mama Asekon alikuwa mstari wa kwanza kabisa. Chifu akamtazama, akamwambia aanze. Akasema, "Mwalimu aanze. Nataka kusikia yeye." Macho yake yalikuwa juu yangu kama misumari.

Nikaanza. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, nikaisikia mwenyewe nikaichukia. Nilisema maji yakigeuka mvuke yanakwenda peke yake. Yale yaliyokuwa ndani yake hayawezi kupanda, yanabaki. Nikachukua vifuniko viwili vya sufuria vinavyong'aa, nikaviweka juu ya makaa. Kimoja nikakimiminia maji ya laga niliyochota mwenyewe asubuhi, kingine maji ya jikoni yaliyochemshwa. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: maji ya laga yakikauka yataacha uchafu, wataona kwamba maji yanayong'aa yanaweza kuficha kitu, na hapo nitawaeleza habari za kupoza uji. Tukangoja. Mvuke ukapanda, watu wakanyoosha shingo, hata wazee. Maji ya laga yakakauka kwanza. Yakaacha doa jembamba la kahawia, ukitazama kwa mbali hulioni. Kisha ya jikoni yakakauka. Yakaacha unga. Mweupe, mzito, umeganda kote kama mtu amepaka chokaa.

Ilikuwa chumvi. Maji ya visima virefu vya kwetu yana chumvi, kila mtu aliyeosha birika Kakuma anaijua, na mimi mwenyewe nilikuwa nayakwangua yale magamba kwenye sufuria yangu kila Jumamosi. Lakini kitabuni hayakuwamo, na kwa hofu ya siku ile nilisahau kitu ambacho kucha zangu zilikijua. Kijana mmoja akaruka mbele, akakiinua kile kifuniko kwa ncha ya shuka lake. "Muone! Muone wenyewe! Hii ndiyo sumu anawekea watoto!" Nikapiga kelele kwamba ni chumvi, si sumu, na hata lile doa la kahawia si ugonjwa wenyewe, ugonjwa hauonekani kwa macho. Nani anisikie? Nilikuwa nimewaambia watazame, na walikuwa wametazama. Mwenye macho haambiwi tazama, na macho yao yalikuwa yameshakata kesi. Chifu alisimama akanyoosha mikono, kofia ikamwanguka. Wanawake wakaanza kuvuta watoto nyuma. Nikaona vijana wawili wameinama, na mtu haokoti nyasi katika uwanja usio na nyasi. Mama Speransa akainuka, akachukua kifurushi chake, akakitia kwapani, akasimama hapohapo mlangoni. Nilijua njia aliyosema anaijua haikuwapo. Nyuma yake kulikuwa na ukuta. Mimi ndiye niliyemfikisha pale, na nilikuwa na jina moja tu mdomoni ambalo lingeweza kuwasimamisha. Nikamtazama Mama Asekon, na yeye alikuwa ananitazama mimi, anangoja nimtaje. Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Akainuka. Hakukimbia, alitembea tu, na wale vijana walimpisha wakidhani anakwenda kumpiga Mrundi kwanza, kama haki yake. Akasimama kati yao na kibanda. Akasema kwa Kiswahili, ijapokuwa wengi pale wangemwelewa vizuri zaidi kwa Kiturkana, na mpaka leo naamini alitaka Mama Speransa naye asikie kila neno.

"Chupa ya Asekon ni mimi nilijaza. Kwa Tarach. Ni mimi nilimwambia weka kwa uji."

Mtu mmoja akamwita kwa jina, kwa ukali, nadhani alikuwa shemeji yake. Hakumgeukia.

"Leo asubuhi Asekon ameamka, ameongea. Nimemuuliza nani amegonjeka kwa darasa. Amehesabu kwa vidole. Wote wako na chupa. Wale watoto wa kambi hawana chupa, wanapuliza tu kwa mdomo, wanachelewa, wanapigwa na kengele. Hakuna hata mmoja amegonjeka." Akawatazama wale vijana. "Mnataka kupiga mtu? Mimi niko hapa. Na kila mama hapa amejaza chupa, asimame na mimi."

Hakuna aliyesimama. Hakuna aliyetupa jiwe pia. Mama Asekon aligeuka akaingia jikoni, akauvuka ule mstari wa majivu kama haupo, akachukua kikombe cha plastiki akakichovya ndani ya sufuria iliyokuwa inatokota. Uji ulimchuruzika vidoleni. Akatoka nao nje, mvuke unampanda usoni, watu wote wanaona. Mama Speransa alishtuka, yeye peke yake kati yetu ndiye aliyejua uji ule una moto kiasi gani. "Mama, ngoja ipoe," akasema. "Ngoja kidogo, itakuunguza."

"Nipe hivyohivyo," Mama Asekon akasema, ingawa kikombe kilikuwa mkononi mwake tayari.

Akanywa. Si kwa kuonja. Alikunywa kama mtu anayekunywa dawa aliyoandikiwa, kwa mikupuo, shingo imenyooka, shanga zinacheza. Machozi yalimtoka yakaingia kikombeni naye akayanywa. Nikasikia mwanamke nyuma yangu anasema woi, woi, kwa sauti ndogo. Alipomaliza alikigeuza kikombe kichwa chini, tone moja likaanguka mchangani. Akabaki amesimama pale mbele ya mlango, anapumua kwa kinywa wazi, anayumba.

Kifurushi kikaanguka. Mama Speransa alikuwa amekwisha kumshika kiunoni kwa mkono mmoja, kwa mwingine anampepea na ncha ya kitenge. Kisha akanigeukia mimi kwa ule ukali wake wa kila siku.

"Mwalimu, unasimama tu? Mletee mama kiti."